Mtangazaji wa Milwaukee kwenye kikundi cha WhatsApp cha Nyumba ya Kisauni

Ijumaa, 7 Februari 2025

Mama Sele: Poleni nyote. Mtangazaji wetu Leonard Mambo Mbotela ametutoka leo asubuhi. Kila redio ni yeye tu.

Babu: Nimesikia. Mtoto wa Freretown, hapa jirani. Mechi za mpira za Gor na Abaluhya mimi niliziona kwa mdomo wake. Uwanja wenyewe sijaukanyaga hata siku moja.

Zuhura: Mimi namjua kwa kile kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Jumapili nyumba nzima kimya, marehemu Bibi anamjibu redioni kama wamekaa pamoja 😂

Shangazi Mwanasha: Shikamoo Baba. Poleni jamani. Nimeamka niende kazini nakutana na habari hii. Na sisi huku Marekani bado hatujatoka msibani. Mwezi uliopita, tarehe 16, alifariki Bob Uecker, mtangazaji wa besiboli. Miaka 90, zimebaki siku kumi atimize 91. Milwaukee nzima imepoa.

Babu: Marahaba mwanangu. Poleni na huko.

Sele: Bob nani?

Khamis Maskati: *Imetumwa mara nyingi* MCHANGO WA TANGI LA MAJI MSIKITINI, walioahidi na hawajatoa...

Mama Sele: Khamis hapa siko. Kikundi cha tangi ni kile kingine.

Khamis Maskati: Samahani shemeji. Endeleeni.

Sele: Shangazi, besiboli nayo ni ya kusikilizwa redioni? Mimi nikiikuta kwenye TV nalala. Watu wamesimama tu wanatema mate.

Shangazi Mwanasha: Ndiyo sababu nasema redioni 😄 Sele, msimu mmoja timu moja inacheza mechi 162. Mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Nani atakaa mbele ya TV mara 162? Watu wanakata majani, wanaendesha malori, wanakaanga samaki, redio inasema pembeni. Na kusimama unakokusema kweli kupo. Sasa ule muda wa kusimama ndio uliokuwa wa Uecker. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, anapangusa jasho, anatazama huku, anatazama kule. Uecker keshafika ziwani, anakusimulia alivyokwenda kuvua samaki. Mara sauti inapanda, mpira umepigwa!

Shangazi Mwanasha: Ukipita ukuta ukaangukia kwa watazamaji, hiyo ndiyo homurani, na yeye alikuwa na maneno yake: Nyanyuka! Nyanyuka! Toka hapa! Umekwenda! Watoto wa shule huku wanayasema hata wakitupa karatasi kwenye pipa.

Babu: Huu mchezo ni kriketi?

Shangazi Mwanasha: Jamaa yake Baba. Rungu lipo, mpira mgumu upo, kukimbia kupo. Lakini huku ukiupiga mpira unalitupa rungu chini ndipo unakimbia.

Babu: Mabaharia wa Kimarekani walipokuwa wakishuka Kilindini miaka ya themanini walikuwa na zile glavu kubwa za ngozi. Sisi tulidhani ni za kubebea vitu vya moto.

Sele: 😂😂😂 Babu!

Zuhura: Lakini Shangazi, wewe na besiboli mlikutana wapi?

Shangazi Mwanasha: Kazini. Nilipofika mwanzo nilipewa zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja, maisha yake yote alifanya kazi kiwanda cha bia, macho yamekwisha nguvu. Kila mhudumu anamkimbia kwa ukali. Jioni ale, anywe dawa, halafu umuwekee redio 620, ndiyo stesheni ya WTMJ, halafu unyamaze. Sharti lake lilikuwa moja tu: Uecker akisema, wewe husemi.

Mama Sele: Wifi, si ndiye yule uliyekuwa ukimlilia kwenye simu kwamba anakurushia sahani?

Shangazi Mwanasha: Ndiye huyo huyo 🤣 Lakini Uecker akianza, mzee anacheka mpaka namshika asianguke. Mimi sielewi kitu. Kiingereza changu cha Kisauni na kile cha redio ni dunia mbili. Nacheka kwa sababu yeye anacheka. Siku moja akanigeukia, akaniambia keti, nikueleze kwa nini hii ni kichekesho. Ndiyo ikawa shule yangu.

Zuhura: Tueleze basi na sisi.

Shangazi Mwanasha: Huyu Uecker alikuwa mchezaji kwanza. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mtoto wa Milwaukee hasa, kazaliwa 1934, na timu yake ya kwanza ya ligi kuu ni Braves walipokuwa bado hapa Milwaukee, 1962. Akenda St. Louis, akenda Philadelphia, akamalizia Atlanta 1967. Miaka sita, homurani 14. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .200, yaani kila mara kumi akienda kupiga anafanikiwa mbili.

Sele: Huyo si mchezaji, huyo ni mtazamaji mwenye jezi.

Shangazi Mwanasha: Na ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe! Hakumcheka mtu mwingine, alijicheka yeye. Alikuwa akisimulia kwamba Braves walimsajili kwa dola 3,000, na jambo hilo liliwasumbua sana nyumbani, maana baba yake hakuwa na pesa hizo. Lakini mwishowe akahangaika akazipata, akawalipa.

Mama Sele: 🤣🤣🤣

Babu: Sijaelewa. Baba ndiye alilipa?

Zuhura: Ndiyo Babu. Kwa maana mtoto hafai, ni baba anayewalipa timu wamchukue.

Babu: Aaa. Kama kumpeleka mtu chuoni. Hii nzuri.

Shangazi Mwanasha: Kulikuwa na mrushaji Phil Niekro, mpira wake unayumba hewani haujulikani utakwenda wapi. Uecker ndiye aliyekuwa akimdakia, na mwaka ule wa 1967 hakuna mdakaji kwenye ligi yao aliyeponyokwa na mipira kumshinda. Wakamuuliza, unaudakaje mpira kama ule? Akasema unangoja umalize kubingirika, halafu unauokota.

Sele: Huyu nimempenda.

Shangazi Mwanasha: Subiri. Katika zile homurani 14, moja aliipiga kwa mpira uliorushwa na Sandy Koufax, ambaye alikuwa ndiye mrushaji wa kuogopwa Marekani nzima. Uecker alisema kila akimwona Koufax anamwomba radhi, alihofu homurani ile itamzuia asiingie kwenye nyumba ya mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Koufax aliingia. Na Uecker naye mwaka 2003 akaitwa huko huko kupewa tuzo ya watangazaji, tuzo ya Ford C. Frick. Mzee wangu alikuwa na ile hotuba kwenye kanda. Watu wazima wenye suti wanajifuta machozi kwa kucheka.

Khamis Maskati: Dada, mimi hapa nasoma huku natafuta video zake. Kuna moja yuko uwanjani anadaka mipira kwa tarumbeta!

Shangazi Mwanasha: Eeh! 1964, yuko St. Louis Cardinals, wamefika World Series, ndiyo fainali zao kubwa. Kabla ya mechi bendi ilikuwa imeacha vyombo vyake uwanjani. Akalibeba lile tarumbeta kubwa kuliko yote, kama lile la beni la harusini, akawa anadakia mipira ya mazoezi kwenye mdomo wa tarumbeta. Likabonyea. Fainali hiyo walishinda, kwa hiyo ana ubingwa, na hakucheza hata mechi moja ya fainali hiyo.

Sele: Sasa mtu kama huyu alipewaje maikrofoni?

Shangazi Mwanasha: Bud Selig, mwenye timu mpya ya Milwaukee Brewers, alimwajiri kwanza azunguke kutafuta wachezaji chipukizi. Selig anasimulia kwamba ripoti zilikuwa zikirudi zina madoa ya mchuzi na viazi vya kuponda. Akaona huyu kazi yake ni kusema. 1971 akamweka redioni. Na alikaa hapo hapo mpaka 2024. Misimu 54.

Mama Sele: Hamsini na minne!! Timu moja?

Shangazi Mwanasha: Timu moja, wifi. Na pesa za kwingine zilikuwepo. Johnny Carson, yule wa kipindi cha usiku cha TV, alimwita kwake karibu mara mia moja, na ndiye aliyempa jina la Bwana Besiboli. Akaigiza filamu, akaigiza TV, akafanya matangazo ya biashara. ABC walimchukua atangaze mechi za nchi nzima. Yote hayo alifanya, na Brewers hakuwaacha.

Babu: Brewers maana yake nini?

Zuhura: Mhh.

Shangazi Mwanasha: Baba ni watu wa viwandani tu.

Sele: Babu ni watengeneza pombe 😂😂 na uwanja ulikuwa unaitwa kwa jina la kampuni ya bia mpaka juzi juzi

Babu: Astaghfirullah. Mwanasha.

Shangazi Mwanasha: Sele nitakukata kwenye zawadi za Idi. Baba, mimi nanunua soda na soseji ya kuku tu.

Khamis Maskati: Huko uwanjani hata soseji zinakimbia, nimeona. Watu wamevaa soseji wanashindana mbio. Nchi hiyo ina mambo.

Shangazi Mwanasha: Hizo kweli, kila mechi. Lakini acha nikwambieni ya kiti. Kuna tangazo lake la zamani la TV, amekaa kiti kizuri, mhudumu anamwambia bwana umekosea kiti. Anainuka kwa majivuno, bila shaka wamemtengea mstari wa mbele! Wanamwonyesha tena yuko juu kabisa, mwisho wa dunia, peke yake. Tangu hapo viti vya juu vibovu, nyuma ya nguzo, vikaitwa viti vya Uecker, vikiuzwa dola moja. Nje ya uwanja wana sanamu yake tangu 2012. Halafu 2014 wakamwekea ya pili huko juu, mstari wa mwisho, amekaa anachekelea. Mimi na yule mzee wangu tulikwenda, ruhusa niliipata kwa tabu. Tulipanda na kiti cha magurudumu kwa lifti mpaka karibu na hapo. Haoni uwanja. Akanishika mkono akaniuliza, nguzo ipo? Nikamwambia ipo, imeziba yote. Akafurahi, akasema basi ni kiti chenyewe.

Mama Sele: 🥹

Zuhura: Shangazi haya yote hukutuambia miaka yote hii.

Shangazi Mwanasha: Mlikuwa mkiniuliza theluji na dola.

Zuhura: 😅 Hiyo kweli.

Babu: Na timu ilikuwa ikishinda?

Shangazi Mwanasha: Hapo ndipo. Haikushinda, Baba. Kombe kubwa lile hawajalitwaa hata leo. Walilikaribia mara moja tu, Oktoba 1982, wakafungwa mechi ya saba, ya mwisho. Na waliowafunga ni wale wale Cardinals wa tarumbeta.

Babu: 1982. Sisi Agosti mosi ya mwaka huo tuliamka tukamsikia Mbotela anasoma kwamba serikali imepinduliwa. Sauti yake, lakini si yake. Nikamwambia mama yenu huyu ana bunduki kichwani. Na ndivyo ilivyokuwa, wanajeshi walimtoa kwake.

Zuhura: Ulijuaje Babu?

Babu: Mtu unamsikiliza miaka na miaka. Pumzi yake unaijua.

Shangazi Mwanasha: Basi Baba, ndivyo watu wa huku walivyokuwa kwa Uecker msimu uliopita. Familia ilikuja kueleza baada ya kufa kwamba alikuwa na kansa ya mapafu tangu 2023. Alikuwa akitangaza nayo. Hakusema redioni. Lakini watu walisikia sauti imechoka, wakawa wanaulizana dukani, mmemsikia jana? Leo hakuja. Kesho yupo, wanapumua.

Shangazi Mwanasha: Mechi yake ya mwisho 3 Oktoba, hapa hapa Milwaukee, na New York Mets. Atakayefungwa msimu wake umekwisha. Brewers wanaongoza 2 kwa 0, zamu ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, wanatakiwa kutoa wapigaji wawili tu. Pete Alonso wa Mets akapiga homurani iliyoleta pointi tatu. Nilikuwa nafunga dawa za usiku, nikasimama pale pale. Ikaisha 4 kwa 2. Uecker hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba hii imeuma. Mtu ambaye nusu karne anageuza kila kichapo kuwa kichekesho, siku hiyo hakutafuta kichekesho.

Sele: Duh.

Khamis Maskati: Na yule mzee wako alisikia hiyo?

Shangazi Mwanasha: Alitangulia, kabla ya msimu huo. Redio yake watoto wake waliniachia. Alipokufa Uecker nilikwenda kwenye ile sanamu ya nje baada ya zamu. Baridi ya kukata masikio. Watu wameweka maua, kofia, makopo ya bia. Kuna baba ana mtoto mabegani anamfundisha: Nyanyuka, nyanyuka, toka hapa. Mtoto anapiga kelele kuliko baba. Tukamshangilia wote, hatujuani.

Zuhura: Wachezaji je? Vijana wa siku hizi walimjali?

Shangazi Mwanasha: Sana. Zile fedha za bonasi wanazogawana wakifika mechi za mwisho, walipiga kura naye apewe fungu kamili kama mchezaji. Akazitoa zote sadaka.

Babu: Mwanasha, msimu mwingine lini?

Shangazi Mwanasha: 27 Machi, Baba. Wanaanzia New York na Yankees. Huko kwenu itakuwa saa nne za usiku na dakika tano.

Babu: Ramadhani hiyo. Nitakuwa nimetoka tarawehe. Sele atanitegea hiyo redio kwenye simu.

Sele: Babu, wewe usikilize besiboli??

Babu: Nataka nimsikie huyo aliyepewa kiti chake.

Shangazi Mwanasha: Jeff Levering na wenzake, Baba, walikuwa naye siku nyingi. Wazuri. Ila usimpime kwa Uecker siku ya kwanza.

Babu: Kwa mechi 162 ana nafasi ya kujifunza. Sele, lete hiyo simu kesho tuijaribu, usingoje Machi.

Khamis Maskati: Na tangi la maji? 😇

Mama Sele: KHAMIS.