Vidonge vya kupanga uzazi vyenye dozi ndogo hupimwaje?

Swali: Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi. Kidonge cha kwanza kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960 kilikuwa na mikrogramu 150 za homoni ya estrojeni aina ya mestranoli, ilhali vingi vya sasa vina mikrogramu 20 hadi 35 za estrojeni aina ya ethinili estradioli. Watafiti huthibitishaje kwamba dozi hiyo bado huzuia mimba? Je, baadhi ya washiriki wa majaribio hupewa vidonge bandia visivyo na dawa?

Jibu la 1: Hapana ndugu, kumpa vidonge bandia mwanamke anayetaka kuzuia mimba ni kinyume cha maadili. Badala yake hutumika Kielezo cha Pearl, yaani idadi ya mimba kwa wanawake 100 wanaotumia kidonge kwa mwaka mmoja: idadi ya mimba huzidishwa kwa 1,300 (wanawake 100 mara mizunguko 13 ya mwaka), kisha hugawanywa kwa idadi ya mizunguko ya hedhi iliyofuatiliwa, hivyo mimba 5 katika mizunguko 10,000 hutoa 0.65. Mizunguko ambayo kondomu ilitumika huondolewa kwenye hesabu, la sivyo kidonge kingepewa sifa isiyo yake.

Jibu la 2: Niongeze kwamba washiriki hujaza shajara kila siku, wakiandika kidonge kilichosahauliwa na hata tone la damu, kwa kuwa estrojeni ikipungua, damu ya katikati ya mzunguko huelekea kuongezeka, na wengi huacha dawa kwa sababu hiyo.

Muuliza swali: Ahsanteni. Na hatari ya kidonge kusababisha damu kuganda kwenye mishipa hupimwaje?

Jibu la 2: Ni tukio la nadra, kwa hiyo jaribio la wanawake elfu chache haliwezi kulipima vizuri, hufuatiliwa zaidi baada ya dawa kuingia sokoni.