Mchaichai umestawi jirani na mwalo wa dhahabu, nikaushe niuze?

Kishamba_Geita: Wakuu, habari zenu. Nina kishamba nje ya mji wa Geita, chini kidogo ya mwalo wa zamani wa kuchenjulia dhahabu. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa yakatolewa dhahabu) hupita humu humu. Mlonge na kivumbasi vimedumaa, majani machanga ni ya manjano na mishipa ya kijani, mizizi mifupi. Mchaichai, cha ajabu, umejaa tele. Kuna mama anataka majani makavu ya chai. Nimuuzie? Na mlonge niuwekee mbolea gani?

Jembe_Kali: Hiyo ni njaa ya chuma tu mkuu. Mwaga samadi.

Mzee_wa_Karasha: Samadi! Mialoni tunakamatia dhahabu kwa zebaki, na inayoponyoka inaondoka na marudio. Bado aseniki, sumu iliyomo kwenye mawe yenyewe.

Mitishamba: Jembe, dalili umeiona sawa, chanzo ndicho kinaweza kuwa kingine. Kadimi (metali yenye sumu), au zinki iliyozidi, hugombania njia na chuma mizizini, jani likapauka hata kama chuma kimo ardhini. Mzizi nao ukidumaa, maji hayapandi vizuri.

Ila mimi mlonge haunitishi, umeshajisema. Wa kutisha ni huo mchaichai. Mmea unaweza kuvumilia sumu na bado ukaibeba. Metali ya risasi nyingi hukwama mizizini, kadimi hupanda majanini kirahisi, na vumbi la marudio linatua juu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mmea dawa mkavu usizidi miligramu 10 za risasi kwa kilo, na kadimi miligramu 0.3. Hapo macho hayasaidii. Usimuuzie kwanza.

Jembe_Kali: Basi amwage chokaa.

Mitishamba: Kwa kadimi na risasi inasaidia. Aseniki inaweza kulegea zaidi udongoni ikapanda kwenye mmea. Apime kwanza.

Kishamba_Geita: Wapi? Bwana shamba alishapima, akasema naitrojeni ndogo.

Mitishamba: Hicho ni kipimo cha rutuba, metali hazimo. Nenda Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya kanda Mwanza. Chota udongo sehemu kadhaa, kina cha sentimita 20, changanya, beba na majani makavu. Taja kwa jina: zebaki, aseniki, risasi, kadimi.

Mzee_wa_Karasha: Na chimba mtaro wa kukinga hayo maji kabla ya masika, la sivyo utapima kila mwaka.