Vitamini D ya mama iko chini, sukari haishuki. Nimpe vidonge?

Kihamba71: Wakuu, shikamooni. Mama ana miaka 71, yuko Machame, ana kisukari. Tumempima Moshi mjini, vitamini D ni 45, karatasi inasema iko chini. Nasikia ikipungua mwili unakuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari. Vidonge vya yuniti 50,000 vitashusha sukari?

JuaLaAsubuhi: Jua kwanza! Wamasai na Wahadzabe waliwahi kupimwa, wastani wao ukawa 115. Mama anashinda chini ya migomba, sweta mwilini, kitenge hadi kifundoni, na Julai hii mawingu tupu. Tena ngozi ya uzeeni hutengeneza kidogo. Mtolee kiti uani saa tano, mikono na miguu wazi, nusu saa.

Darubini: Hii chai. 45 ni kiwango kizuri, maabara gani itaandika "chini"?

Kihamba71: Si chai mkuu! Karatasi ninayo mkononi: 45 nmol/L.

Darubini: Basi samahani, nilisoma kwa nanogramu (ng/mL), yako ni nanomoli. Gawa kwa 2.5, unapata 18. Wengi huita upungufu chini ya 20. Huyo 115 wa Wamasai ni 46 kwa kipimo changu.

DirishaLaDawa: Upungufu utibiwe, ila usitarajie sukari ishuke kwa hicho. Mafuta ya tumboni huficha vitamini D na hayohayo huleta usugu wa insulini, ndiyo maana vyote viwili huonekana pamoja. Marekani walitoa yuniti 4,000 kila siku kwa watu 2,423 waliokaribia kisukari, matokeo yakatoka 2019: tofauti na wasiopewa, kwa kupata kisukari, ilikuwa ndogo, haikuthibitika. Sasa niambie, anatumia dawa gani nyingine?

Kihamba71: Ya presha.

DirishaLaDawa: Na ya sukari?

Kihamba71: Metformini nilimsimamishia wiki mbili zilizopita, ilikuwa inamharisha. Vitamini nimeanza kumpa, kimoja kila siku, leo cha tisa. Lakini vitamini ni chakula tu, haina madhara.

DirishaLaDawa: Dada/kaka, kile cha 50,000 ni kimoja kwa WIKI, kwa kawaida wiki nane. Ameshameza 450,000. Haitoki na mkojo kama vitamini C, inakaa kwenye mafuta na kupandisha kalsiamu. Dawa ya presha ikiwa ni ya kukojosha aina ya thiazaidi, inaizuia kalsiamu isitoke. Simamisha leo. Kuhara kwa metformini hupungua akianza na dozi ndogo, katikati ya mlo, au akipewa ile inayoyeyuka polepole. Hayo apange daktari baada ya kupima figo.

Kihamba71: Nilitaka kumpunguzia kemikali. Sukari yake leo kabla ya kula ni 13.

Darubini: Ana kiu? Choo kigumu? Kichefuchefu? Anasahausahau?

Kihamba71: Kiu tangu Jumapili. Usiku anaamka mara nne kukojoa. Nilijua ni sukari tu.

DirishaLaDawa: Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kalsiamu, kwa macho huwezi kutofautisha. Mteremshe hospitali leo hii, usingoje kesho. Beba makopo yote, na lile la vitamini. Waombe wapime sukari, kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo), na uwatajie vile vidonge tisa.

Kihamba71: Natafuta gari sasa hivi.