Baada ya korona: msongamano wa mahabusu upunguzwe kuanzia wapi?

Msaidizi_Bahi:
Wakuu, salaam. Wasaidizi wa kisheria hapa Bahi, Dodoma, tunaandaa hoja za kikao cha kusukuma mashauri (kikao cha wadau cha kuharakisha kesi). Wakati wa korona tuliona msamaha wa Rais kwa wafungwa wa Aprili 2020 na kesi kusikilizwa kwa video mshtakiwa akiwa gerezani. Kati ya hayo, lipi lisukumwe zaidi? Na kwa mahabusu ambaye kesi yake "inatajwa" tu kila mara, yaani inaitwa na kuahirishwa bila kusikilizwa, tumshauri afanye nini?

Hoja_Kortini:
Ndugu, msamaha msiuwekee matumaini. Ule wa 2020 uligusa wafungwa 3,973, lakini Ibara ya 45 ya Katiba inahusu waliokwisha kutiwa hatiani. Mahabusu hana hatia bado, kwa hiyo msamaha unampita, na ndiye anayelala amebanana na wenzake ugonjwa unapoingia. Kazi iko mlangoni, kabla hajapelekwa rumande.

Shikeni kifungu cha 225 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za Toleo la 2022, toleo jipya lililoanza Julai 2025 lina mpangilio wake, hakikini kabla ya kuandika). Aliye rumande, kesi yake haiahirishwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Zikifika siku 60 tangu afikishwe mahakamani na upelelezi haujakamilika, lazima iwepo hati ya mkuu wa upelelezi wa mkoa ya kuomba muda zaidi. Ikikosekana, hakimu ama asikilize shauri ama amwachie.

Kinachokwamisha ni kwamba hakuna anayehesabu. Andikeni tarehe ya kwanza ya kufikishwa mahakamani, si ya kukamatwa, na mshtakiwa asimame mwenyewe aulize: "Mheshimiwa, hati ya kuongeza muda ipo kwenye jalada?" Mwelezeni mapema kuwa kuachiwa huku si kushinda kesi, anaweza kushtakiwa upya. Pia baadhi ya makosa mazito hayamo kwenye utaratibu huu wa siku 60, na mauaji yana njia yake ya Mahakama Kuu.

Bi_Sheria_Dom:
Naongeza kwa aliyetangulia: mabadiliko ya 2022 yaliweka kifungu cha 131A kwenye sheria hiyo hiyo, kwamba hati ya mashtaka isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hilo ni zito kuliko video zote. Kwa kosa dogo, jibu la "upelelezi unaendelea" linapaswa kuhojiwa siku ile ile ya kwanza.

Halafu dhamana. Watu wa vijijini hubaki ndani kwa karatasi. Mdhamini aje na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, tarehe na jina la mshtakiwa lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka (herufi moja ikikosewa, anarudishwa), pamoja na kitambulisho cha NIDA. Mwenye namba tu bila kadi aombe mtendaji amtambulishe kwa barua iliyobandikwa picha. Masharti yakiwa mazito kuliko uwezo wake, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iyapunguze. Na dhamana ya polisi hailipiwi, lisemeni hadharani!

Mtaalamu_Mtandao:
Video tusiitupe. Kanuni za 2021 za mashauri kwa njia ya mtandao zimeipa msingi, na kwa kutajwa inafaa sana: haihitaji karandinga wala askari wa kusindikiza. Kwenye ushahidi ndiko inakoharibika. Sauti ikikatika shahidi anarudia jibu tofauti, kielelezo hakishikiki, na mshtakiwa hawezi kumnong'oneza wakili wake. Ombeni mambo matatu yaandikwe kwenye mwenendo (kumbukumbu rasmi za kesi) kila kikao: nani yupo chumbani na mshtakiwa, kama amesikia vizuri, na kama amepewa muda wa faragha na wakili. Bila hiyo kumbukumbu, rufaa haina pa kushika.

Bi_Sheria_Dom:
Kweli kabisa. Na msisahau Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ya kufanya kazi za jamii badala ya kwenda gerezani, kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Inakwama kwa sababu taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi huombwa baada ya hukumu kukaribia, haifiki, mtu anapigwa faini, anashindwa kulipa, anaingia gerezani. Mshtakiwa akikiri tu, ombeni taarifa hiyo hapo hapo, na mwende na jina la zahanati au shule iliyokubali kumpokea na msimamizi wake.

Msaidizi_Bahi:
Asanteni sana. Tunaanza na daftari la siku 60, kisha fomu moja ya barua ya mdhamini kwa watendaji wote wa vijiji. Kuna mwenye mfano wa fomu inayokubalika mahakamani?

Hoja_Kortini:
Mwombeni karani wa mahakama ya wilaya awape ile wanayoipokea, kisha mwitoe nakala. Msitunge yenu.