The African Queen: tuanze na kitabu au filamu, na Liemba yetu imo kiasi gani?

Mwl_Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Kundi letu la kusoma hapa Mwanga, Kigoma, lina watu kama ishirini, wengi vijana wa sekondari. Mwezi ujao tunasoma riwaya ya The African Queen ya C.S. Forester, hadithi ya Rose na Charlie wanaoshuka mto kwa boti yenye jina hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kuilipua meli ya Wajerumani ziwani, kisha tunaangalia filamu yake. Ubishi umeanza kabla kitabu hakijafunguliwa: wapo wanaoapa kwamba ile meli ya Wajerumani ni Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, na wapo wanaosema ni hadithi tupu ya Wazungu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Tutangulize kipi? Kipi ni kweli na kipi kimetungwa? Halafu, Kiingereza cha filamu ni cha zamani na wanakiongea haraka, kwa hiyo tunataka kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Tunafanyaje?

---

Kibirizi_Ziwani

Mwalimu, tangulizeni historia, kifuate kitabu, filamu iwe mwisho. Mkianza na filamu, picha zake zitawakaa vichwani na hamtaweza tena kutenganisha.

Historia yenyewe ni hii. Meli iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kutoka hapo kwa reli. Reli ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914. Mafundi watatu kutoka Papenburg wakaiunga upya hapa hapa na vibarua wao, na ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ni kama mita 71. Ikafungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia Rufiji.

Upande wa pili, Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja kama mita 12. Zilishushwa Cape Town, zikapanda reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na maksai, huku vibarua wa Kongo wakifyeka njia na kujenga madaraja, mpaka zikafika Kalemie ng'ambo ya ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hazikuigusa. Kamanda wao, Spicer-Simson, hakukubali kupambana nayo.

Sasa nani aliizamisha? Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, wakati wanaondoka Kigoma. Kabla ya kuizamisha mafundi walipaka injini grisi nzito, kwa kuwa walitumaini kuirudia. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo waambie vijana: meli ya kitabuni, Königin Luise, imechotwa kwenye habari za Götzen, ila kilichoipata kitabuni na kwenye filamu hakijatokea ziwani kwetu. Kuna na kosa la tarehe. Filamu inaanza Septemba 1914 na meli tayari inalinda ziwa. Septemba 1914 meli ile ilikuwa bado inaungwa hapa Kigoma.

Angalieni pia ramani. Mto wa hadithi unaitwa Ulanga, ukifika chini unaitwa Bora, unaingia ziwani. Ulanga wa kweli ni tawi la Rufiji, maji yake yanakwenda Bahari ya Hindi. Mto wetu unaoingia Tanganyika na kufanya delta ya matete ni Malagarasi, kusini ya Ujiji. Mpeni kila kijana ramani ya Tanzania, achore mwenyewe njia ya ile boti. Atakwama mapema, na hapo mjadala utakolea.

---

Mama_Gungu

Kaka Kibirizi, historia umeiweka vizuri, ila kwenye mpangilio tunatofautiana. Kwa vijana wa sekondari, filamu ije kabla ya kitabu. Kiingereza cha Forester kina sentensi ndefu na maneno mengi ya chombo cha majini. Kijana aliyekwisha kuona boila, usukani na maporomoko kwa macho atasoma kurasa hizo bila kukimbilia kamusi kila mstari. Asiyeona ataacha kwenye sura ya pili.

Kuhusu filamu yenyewe, iliyotoka mwaka 1951 chini ya mwongozaji John Huston, maoni yangu ni haya. Waigizaji wawili wameibeba yote, na wameibeba kweli kweli. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kazi hii na alistahili. Katharine Hepburn kwangu ni bora hata kumshinda. Mtazameni baada ya maporomoko ya kwanza: nguo zimelowa, nywele zimevurugika, na uso wake unang'aa kama mtu aliyeonja uhai kwa mara ya kwanza. Rose ni dada wa mmisionari, mtu mzima, ambaye hajawahi kuulizwa anataka nini. Hepburn analionyesha hilo kwa macho tu.

Kitabuni Charlie Allnut ni Mwingereza wa mitaa ya London. Kwenye filamu wamemfanya Mkanada ili Bogart asihangaike na lafudhi. Vijana wakiuliza kwa nini hailingani, jibu ni hilo.

Linaloniudhi, na naomba mlijadili waziwazi, ni hili: Waafrika wako wapi? Mwanzoni tunaona waumini kanisani wakiimba, kijiji kinachomwa, watu wanachukuliwa, basi. Saa nzima na zaidi inayofuata mto ni kama hauna wenyewe. Kitabu nacho hakina nafuu, mawazo ya Rose na ya mwandishi kuhusu wenyeji ni ya kikoloni ya mwaka 1935. Msiruke kurasa hizo. Zisomeni kwa sauti, kisha rudini kwenye habari ya kina Mimi na Toutou na mwulize boti zile zilipita milima kwa mikono ya nani.

---

Fundi_Bangwe

Naongelea mitambo tu, maana ndipo hadithi hii inapowashika wanaume wa ziwani.

Boti ile ni ya mvuke, inakula kuni. Ndiyo maana kila siku inabidi wasimame kukata na kukusanya. Kuni mbichi au zilizolowa zinapoteza moto mwingi kukausha maji yaliyomo ndani yake, presha inashuka na boti inakosa nguvu ya kushika usukani kwenye mkondo. Boti isiyokwenda kasi kuliko maji haigeuki hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini pale kwenye maporomoko Rose anahitaji moto mkali kuliko breki.

Angalieni Charlie anavyoipiga teke pampu. Vijana watacheka, lakini pana hatari ya kweli. Pampu ile ndiyo inayosukuma maji kuingia kwenye boila. Ikisimama, maji yanapungua, chuma cha juu ya moto kinabaki bila maji ya kukipoza, kinaiva na kulegea. Boila inapasuka. Wanasimulia kuwa kuna bisibisi iliangukia ndani siku nyingi na hakuna aliyejipa taabu ya kuitoa. Mwandishi amekuonyesha tabia ya mtu kwa pampu moja, bila kumsema.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni propela. Boti inagonga mwamba, shafti inapinda, na bawa moja la propela linakatika. Kwenye filamu tengenezo hili linapita upesi: moto wa mkaa, mivukuto, nyundo, wanaondoka. Kitabu kinakupa taabu yake yote, na hapo kitabu kinashinda mbali. Shafti iliyopinda hata kidogo hainyooshwi kwa nyundo peke yake. Lazima ipashwe polepole mpaka iive sawasawa pande zote, inyooshwe, iachwe ipoe yenyewe, ukaguliwe unyoofu, urudie. Ukiharakisha au ukaimwagia maji, inarudi kupinda au inapata ufa. Na propela yenye bawa zito kuliko jingine itatikisa boti nzima na kula bearingi mpaka maji yaingie pale shafti inapotokea nje. Kwa hiyo wakifika ziwani bila boti kuvuja, hiyo ni huruma ya mwandishi.

---

Katubuka_Maandishi

Mwalimu, swali la tatu ni langu.

Faili la maandishi linaitwa SRT. Unaweza kuliandika hata kwenye Notepad. Kila kipande kina mistari ya namna hii: namba, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu. Mfano:

12
00:04:10,500 --> 00:04:13,800
Leta kuni kavu,
hizi zinatoa moshi tu.

Sekunde na sehemu zake hutenganishwa kwa mkato, si nukta. Mstari mtupu ukisahaulika, vipande viwili vinaungana na kutokea pamoja.

Kazi ngumu ni urefu. Mstari usizidi herufi 42, na kipande kisizidi mistari miwili. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo ukitafsiri kila neno msomaji hatamaliza. Piga hesabu ya herufi 15 kwa sekunde. Kwa vijana wanaosoma polepole shuka hadi 12. Kata salamu, kata majina yanayorudiwa, acha kilichobeba maana. Charlie anapoongea peke yake huku anafanya kazi, nusu ya maneno yake yanaweza kwenda bila hasara. Wanapogombana kuhusu chupa za pombe ya jini, msikate kitu, maana pale kila neno linajenga.

Mkianza na SRT ya Kiingereza ili mtafsiri juu yake, hakikisheni inaendana na nakala yenu. Filamu hii ina dakika kama 105. Ikiwa nakala yenu ina dakika 101 hivi, imetengenezwa kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, na SRT ya kasi ya 23.976 itachelewa taratibu: dakika ya kwanza sekunde mbili na nusu, mpaka saa moja ipite imechelewa karibu dakika mbili na nusu. Msihangaike kuisogeza kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, haitapona. Fungueni kwenye programu ya bure ya Subtitle Edit, badilisheni kasi kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhini upya. Lakini kama kuchelewa ni kule kule mwanzo mpaka mwisho, basi VLC inatosha: kitufe G na H, kila mbonyezo ni sehemu 50 za elfu ya sekunde.

Makosa mawili yanayokera watu wa huku. Kwanza, ukiandika kwenye Word ule mkato wa juu (') wa ng'ombe na ng'ambo unapindwa, na kwenye runinga unatokea kama takataka. Andika kwenye Notepad na unapohifadhi chagua usimbaji (encoding) wa UTF-8. Pili, flashi. Runinga nyingi za zamani zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Faili la maandishi lipe jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, tofauti iwe mwisho tu: .srt.

---

Mwl_Mwanga

Asanteni sana. Nimeshawishika na Mama Gungu: filamu kwanza, ila ramani na historia ya Kibirizi siku ya kwanza kabla ya kuwasha chochote. Swali moja limebaki. Wanasema mwisho wa kitabu na wa filamu haufanani. Unatofautianaje? Na tukionyesha nje uani, kuna la kuangalia?

---

Kibirizi_Ziwani

Asiyesoma aruke hapa.

Kwenye filamu boti inazama kwenye dhoruba, wawili hao wanakamatwa, wanafungishwa ndoa na kapteni wa Kijerumani dakika chache kabla ya kunyongwa, ndipo meli yake inapogonga mabaki ya boti yenye torpido za kienyeji, yaani mabomu waliyoyatengeneza wenyewe, na kulipuka. Kitabuni torpido hazifanyi kazi yoyote. Boti inazama, Wajerumani wanawakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe, na Luise inazamishwa na boti mbili za injini za jeshi la Uingereza. Hapo Forester amekopa wazi kwa Mimi na Toutou. Mwisho wa filamu unapigiwa makofi, nami naelewa kwa nini, lakini wa kitabu ndio unaouma: kazi yote ile, na wakubwa wanapita na kumaliza wenyewe.

Atakayetaka kuendelea, Mimi and Toutou Go Forth ya Giles Foden, ya mwaka 2004, inasimulia vita vyenyewe. Alex Capus, Mswisi, ana riwaya kuhusu wale mafundi wa Papenburg, iitwayo A Matter of Time kwa Kiingereza.

---

Katubuka_Maandishi

Kuonyesha nje: huku magharibi jua linachelewa kuzama, kwa hiyo msiwashe projekta kabla ya saa moja na nusu usiku, picha itakuwa imefifia. Shuka jeupe livutwe pande zote nne, siyo kuning'inizwa juu tu, maana upepo wa ziwa utalipuliza na maandishi ya chini ndiyo yatakayoyumba kwanza. Projekta ya lumeni 3,000 iwekeeni picha ya upana wa mita mbili na nusu, msiipanue zaidi. Spika ziwe mbele, pembeni ya shuka. Kama mtatoza kiingilio, mwoneni kwanza Afisa Utamaduni wa manispaa. Na mjaribu dakika ya 5 na dakika ya 95 siku moja kabla. Maandishi yakikaa sawa kwenye zote mbili, katikati nako yako sawa.