Mbuga ziko tupu halafu lawama twapewa sie watu wa Mombasa, eti hatupendi wanyama?

Nimechoka wallahi. Kila msimu ukiisha ni kilio kile kile, wenye mahoteli walia, madereva wa safari walia, wenye lodji walia, magari ya tua yamelala Nyali na Bamburi hayana kazi, halafu asubuhi atokea mtu redioni asema tatizo kubwa ni kwamba wenyeji hawana utamaduni wa kutalii. Hawana utamaduni! Yani sie tuliozaliwa tukakuta Tsavo iko hapo juu na Shimba Hills iko hapo ng'ambo ya feri ndio twaambiwa hatujui raha ya kuangalia ndovu. Leo nasema yote, atakayeudhika na audhike.

Kwanza mtu asiniletee hesabu za Nairobi. Najua mwaka 2024 serikali ilitangaza wageni kutoka nje wamepita milioni 2, wakasema ni rekodi, makofi yakapigwa. Sawa. Lakini wamepita wapi? Mgeni akishuka Nairobi akaenda zake Maasai Mara akarudi akapanda ndege kwao, dereva wa Mtwapa amepata nini hapo? Huku kwetu walio wazima wakumbuka ndege za chata zikishuka uwanja wa ndege wa Moi moja nyuma ya nyengine, Wajerumani, Waitaliano, Waingereza, wiki moja na zaidi bichi, siku mbili Tsavo, ndio ilikuwa kazi ya mji huu. Nisani za kufungua paa zilikuwa zapishana kwenye barabara ya Voi kabla jua halijatoka. Nenda leo asubuhi usimame Mariakani uhesabu mwenyewe.

Na sababu twazijua, si siri. 1997 vurugu za Likoni. 1998 bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi. 2002 bomu la hoteli Kikambala. 2008 vurugu za baada ya uchaguzi. 2013 shambulio la Westgate, Nairobi. Mei 2014 serikali ya Uingereza ikatoa onyo, Thomson na First Choice, kampuni za utalii za huko kwao, wakaja kuwachukua wageni wao wakawarudisha kwao na safari za Mombasa zikafutwa, wakati huo huo watu wetu wenyewe walikuwa wako hapa hapa waenda sokoni waenda kazini kama kawaida. Mahoteli yakafungwa, watu wakafutwa kazi, vijana waliokuwa wapishi wakaenda kuuza miwa. 2020 ikaja korona ikamalizia. Kila mara ni vile vile, mteja ni mmoja, anakaa mbali, akisikia mlio wowote haji, na yeye asipokuja mbuga nzima yalala njaa. Hivi kwa miaka yote hiyo hakuna hata mkubwa mmoja aliyejiuliza mbona tusimtafute na huyu anayekaa hapa hapa asiyekimbia?

Walijiuliza mara moja tu. 2020, walipobanwa. Hapo ndipo tulipojulikana. Kiingilio kikapunguzwa nusu, lodji ambazo ukipiga simu zamani wakujibu kwa bei ya dola zikawa zaandika mabango Mkenya karibu nyumbani, lala siku mbili lipa moja. Na watu walikwenda! Nawajua watu wa Majengo, wa Tudor, wa Likoni, walikwenda na watoto wao kwa mara ya kwanza maishani, wengine walilia walipoona ndovu wale wekundu wa Tsavo wamesimama kando ya barabara. Sasa mipaka ilipofunguliwa na wazungu wakaanza kurudi, yale mabango yaliondolewa haraka, bei ikarudi juu, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, manake ilionekana wazi sie tulikuwa wa kushikilia nafasi tu. Na mwaka 2025 kiingilio cha mbuga kikapandishwa, cha mwananchi pia.

Sikatai, askari wa mbuga lazima walipwe, ua lazima litengenezwe, ukame wa 2022 uliua ndovu 205 nchini kwa hesabu ya serikali yenyewe na visima vya wanyama havichimbwi kwa dua. Hayo nayaelewa. Lakini kiingilio ndicho kidogo jamani, hapo ndipo watu wa maofisini wasipoelewa. Hebu chukua familia ya Kisauni, baba, mama, watoto watatu na nyanya yao. Tuseme wamejikaza wamepata pesa ya geti. Wataingia na nini? Tsavo huingii kwa miguu. Bodaboda haruhusiwi. Gari la matatu litakufikisha Voi, hata treni itakufikisha Voi, ile ya kusimama stesheni za njiani, geti lenyewe liko karibu na mji pale, halafu? Hakuna kitu. Hakuna basi la kukuingiza. Ukodi nisani ya kufungua paa, na bei yake imewekwa kwa mfuko wa Mjerumani, elfu kumi na tano kwenda mbele kwa siku na mafuta yako mwenyewe, na mafuta nayo mwajua, 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita na tangu hapo hatujapumua. Umalize hapo uongeze chakula, maana mkahawa wa lodji huwezi kuutazama mara mbili. Siku moja hiyo, bila kulala, ni mshahara wa mwezi wa watu wengi mtaani kwangu. Halafu mwasema hatuna utamaduni.

Mie huwa napanga tripu za mtaa, watu wachangishana kidogo kidogo kila wiki mpaka pesa ya basi itimie, kwa hivyo naongea kitu nakijua. Tulifika geti moja la hifadhi, sitalitaja, tumetoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, basi limejaa watoto na mama zao na sufuria za biriani. Mtandao wa malipo umekufa. Pesa taslimu hawapokei, ndio utaratibu, kila kitu kwa simu, na netiwaki pale yaja na kutoka. Pesa tunazo mkononi zaonekana! Tukaambiwa tusubiri. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia kiu, ukienda chooni hakuna maji, na wakati huo magari ya wageni yaliyolipiwa mapema na kampuni yapita kando yetu na askari awapungia mkono. Nikauliza kwa heshima, afande, hakuna njia nyengine ya kulipa hapa? Nikajibiwa rudini mjini mkatafute netiwaki mlipe, kisha mje. Rudini mjini! Na basi ni la kukodi, kila kilomita ina bei yake. Tuliingia adhuhuri imeshapita, wanyama wote wamejificha kivulini, watoto wakaona punda milia wawili watatu na vumbi. Mama mmoja akaniambia kijana wangu, mwaka mwengine nipeleke pale ufukweni Mama Ngina nikanywe madafu, sitaki tena. Sina la kumjibu mpaka leo.

Na hata ukiingia salama, hakuna aliyekufikiria. Pale pa kupumzikia na kula hakuna pahali pa kutandika mkeka watu wakaswali, hakuna pa kutawadha. Hakuna karatasi ya Kiswahili yenye kueleza huu mlima ni upi na huu mto waenda wapi, iko ya Kiingereza na ukibahatika ya Kijerumani. Mtoto akuuliza baba mbona ndovu hawa ni wekundu, na kama hujui kwamba ni udongo wa Tsavo wanajirushia mwilini, hakuna wa kukueleza, mwenye kueleza analipwa kando.

Sasa anayesema watu wa Mombasa hawapendi wanyama aende Haller Park, ile bustani ya wanyama, siku ya Idd mosi. Aende tu asimame pale Bamburi barabarani. Foleni! Kina mama na mabuibui yao, watoto nguo mpya, vijana wa Kongowea, watu kutoka mpaka Changamwe. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mawe matupu, miti ilianza kupandwa 1971, leo kuna twiga unawalisha kwa mkono wako na viboko na kobe. Yule kiboko mtoto Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaenda kushikamana na kobe mzee, nani Mombasa hakuhadithiwa hadithi ile? Na kwa nini pale pajaa? Kwa sababu washuka matatu mbele ya geti, walipa, waingia na miguu yako, watembea na watoto, jioni uko nyumbani. Hakuna uchawi wowote. Watu wakiwekewa njia wapita.

Njia ya Shimba Hills ingekuwa hiyo hiyo. Wavuka feri, wapanda matatu Likoni, wafika Kwale, mbuga iko hapo pembeni ya mji. Ni pahali pekee katika Kenya nzima unapoweza kuona palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, porini. Kuna maporomoko ya Sheldrick waenda kwa miguu na askari akusindikiza, maji baridi, msitu. Ukiwauliza watu kumi Likoni, sidhani utapata watatu waliowahi kuingia. Kwa nini hakuna gari moja tu wikendi, la kutoka stendi ya Kwale kuzungusha watu ndani na kuwarudisha? Nairobi wamewahi kuwa na basi la wikendi la kutoka mjini kuwapeleka wananchi mbuga yao, watu wakalipa wakapanda. Hell's Gate kule Naivasha watu waingia na baiskeli. Kwa hivyo msituambie haiwezekani, semeni hamkutaka kutufanyia sie.

Na hili la mwisho ndilo linanifanya nipandwe na damu kabisa. Maji ya mfereji wa Mombasa, yale tunayoyasubiri usiku na mitungi, sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima Springs, ndani kabisa ya Tsavo West, yanakuja kwa bomba zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya hamsini. Mengine yatoka chemchemi ya Marere, huko huko Shimba Hills. Mji huu wanywa maji ya mbuga! Pale Mzima kuna chumba kimejengwa chini ya maji, washuka ngazi wakaa kwenye kioo watazama samaki wapita na kiboko akijaaliwa apita, mgeni kutoka Hamburg amekaa pale akapiga picha, na mtoto wa Mishomoroni anayekunywa maji yale yale tangu kuzaliwa hajui hata jina la pahali penyewe. Shule hazipeleki manake hazina basi na wazazi hawana mchango. Huyu mtoto akikua akasikia ndovu wameuawa, kama vile Satao, yule ndovu wa Tsavo wa pembe kubwa, alivyouawa kwa mshale wa sumu 2014, ataumwa na nini? Hakumjua. Hakuwahi kuambiwa ni wake.

Hata baharini hapa hapa, kutoka Nyali mpaka Shanzu, ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Watu waogelea bichi ya Pirates kila Jumapili maelfu, matumbawe yako pale mbele mawimbi yanapovunjikia, na wengi hawajapanda boti ya kioo hata siku moja kwa sababu wakisogea tu wakadiriwa bei ya kitalii. Vijana wa boti nao siwalaumu sana, msimu ukiwa mbaya mtu hushika yule aliye mbele yake.

Kwa hivyo nataka mambo haya na sio mengine. Wikendi na sikukuu kuwe na basi la mbuga stesheni ya Voi na jengine stendi ya Kwale, bei ya mwananchi, watu walipa wapanda. Kila geti liwe na njia ya kulipa mtandao ukifa, hata kama ni kitabu na risiti ya mkono. Vyoo viwe na maji. Pawe pa kuswali. Shule za msingi za Mombasa, Kwale, Kilifi na Taita Taveta ziingie bure siku za kazi ambazo mbuga iko tupu na askari wamekaa tu getini, mwapoteza nini? Na lodji ziweke bei ya mwenyeji mwaka mzima, sio mpaka kuwe na maradhi duniani.

Walio kwenye biashara hii, wenye magari hasa, hili nawaambia kwa uzuri: gari lako limekaa mwezi mzima chini ya mwembe lasubiri Mtaliano, wakati kuna watu ishirini na nne wana pesa zao mkononi wamekosa gari. Idd ijayo nna watu tayari, wengi wa Kisauni na Bombolulu, wataka Tsavo East kwenda na kurudi siku moja, chakula wabeba wenyewe. Mwenye gari na bei ya kusikika aseme hapa.