Tupeane uzoefu: kura yako ya Uingereza uliamuaje umpe nani?

Mlinzi wa Usiku

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Leicester, nafanya kea, yaani kulea wazee na wagonjwa, zamu za usiku. Tarehe 4 Julai 2024 nilipiga kura ya ubunge wa huku kwa mara ya kwanza, nikiwa na pasi yangu ya Tanzania mfukoni. Watu niliowaambia nyumbani walidhani nawatania. Kwa asiyejua: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata kama hana uraia wa Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009.

Haki nilikuwa nayo. Kilichonitoa jasho ni nimpe nani. Nyumbani mtu anazaliwa anakuta kanga na kofia za chama ziko kabatini, anakua nazo. Huku wanakuchomekea vipeperushi kwenye tundu la barua na kuondoka. Na jimbo langu, Leicester East, lilikuwa vurugu tupu: wabunge wawili wa zamani wa jimbo hilohilo, wote waliwahi kuwa wa chama cha Labour, walisimama kila mmoja kivyake dhidi ya mgombea wa Labour. Kura zikagawanyika na mgombea wa chama cha Conservative akapita katikati yao. Ndilo jimbo pekee nchi nzima ambalo Conservative waliwanyang'anya wenzao mwaka ule, wakati kwingine walikuwa wanapukutika.

Mimi niliamua kwa hasira, sifichi. Tarehe 11 Machi 2024 serikali ya Conservative ilizuia walezi wapya kuja na wenza na watoto wao. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutafuta mwajiri, mkewe ameshauza cherehani. Basi nikaweka alama yangu kwa Labour. Mei 2025 Labour haohao wakatoa waraka wa kutaka muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu utoke miaka 5 uwe 10. Nikabaki nimeshika kiuno.

Jirani yangu ni mzee wa Kihindi aliyetoka Jinja, Uganda, mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke. Kiswahili chake bado kizuri kuliko cha wanangu. Ananiambia hajawahi kuwapa kura wengine zaidi ya Conservative, kwa sababu waziri mkuu aliyewapokea, Edward Heath, alikuwa wa chama hicho. Nikamwambia, baba, Heath alishafariki 2005. Akanijibu: "Na deni je, nalo limefariki?" Sikuwa na jibu. Chama kilichomfungulia yeye mlango ndicho kilichomfungia shemeji yangu.

Sasa tupeane uzoefu. Wewe uliamuaje? Uchaguzi ujao ni lazima ufanyike si zaidi ya 2029, na safari hii sitaki kwenda na hasira peke yake.

Mtoro wa Thika

Nimecheka hapo kwa deni. Mimi niko Wokingham, karibu na Reading. Kura yangu ya kwanza huku nilienda nikitarajia karatasi sita kama nyumbani, za rais, gavana, seneta na hao wengine. Nikapewa moja! Nikamwuliza yule mama wa mezani, "Na ya waziri mkuu Sunak iko wapi?" Akaniambia Sunak anagombea kule Yorkshire. Hapo ndipo nilielewa kwamba hapa hakuna kura ya rais. Unachagua mbunge wako tu, halafu chama chenye wabunge wengi ndicho kinatoa waziri mkuu.

Shangazi yangu Thika alikuwa amenipigia simu nimpe "kijana wetu", kwa sababu babake Sunak alizaliwa Kenya na mamake Tanganyika. Pole shangazi.

Jambo lililonisaidia ni kuangalia matokeo ya nyuma ya jimbo langu. Mimi moyoni ni Labour. Lakini Wokingham mwaka 2019 Labour walikuwa wa tatu, waliopigana kweli ni Conservative na Liberal Democrats. John Redwood wa Conservative alikalia kiti hicho tangu 1987 mpaka akaamua kutogombea 2024. Nikajiambia, ndugu, ukiipa Labour hapa unamwaga maji mchangani. Nikawapa Liberal Democrats na wakashinda. Roho iliniuma kidogo, kama kushangilia Gor Mahia na wewe ni wa AFC.

Anayedhani idadi ya kura ndiyo kila kitu aangalie 2024: chama cha Reform kilipata kura zaidi ya milioni 4 kikaambulia viti 5. Liberal Democrats walipata kama milioni 3.5, viti 72. Kura zao zilikuwa zimekaa mahali panapofaa. Labour nao walichukua zaidi ya viti 400 kwa theluthi moja tu ya kura. Kwa hivyo kabla ya kusoma ilani, soma jimbo.

Bi Mkubwa Kusini

Assalaam alaykum. Mtoro, hayo mahesabu yako mie siyawezi, na wala siyataki. Mie ni wa Unguja, naishi Leicester South zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo nimeipa Labour. Mwaka 2024 sikuweza. Kila nikitazama habari za Gaza usiku nikilala naona watoto. Mgombea wa Labour hapa, Jonathan Ashworth, alikuwa mtu mkubwa kwenye chama, na kazi za jimboni alizifanya, sitomsingizia. Baba watoto akasema, "Mtu kakufanyia wema unamtupa kwa jambo la nchi nyingine?" Tulinuniana siku mbili ndani ya nyumba.

Nikampa mgombea binafsi, Shockat Adam. Akashinda kwa kura 979. Asubuhi yake sikufurahi kama nilivyodhani, nilikaa na chai yangu nikawaza: huyu yuko peke yake bungeni, barabara yetu na zahanati yetu nani atamsikiliza? Lakini mkinirudisha siku ile nitafanya vilevile. Baba watoto mpaka leo hajaniambia yeye alimpa nani, na mie simuulizi.

Mrundi wa Glasgow

Nyinyi mnaringa na Jumuiya yenu ya Madola! Sisi Warundi na ndugu zetu wa Kongo bunge la London hatulipigii kura mpaka tupate uraia. Ila hapa Scotland sheria ya 2020 iliruhusu wageni wote wenye ruhusa ya kukaa wapigie kura bunge la Scotland, nami nilipiga 2021. Nilivaa suti.

Mwaka 2024 binti yangu alikuwa ametimiza miaka 18 na ana uraia. Jioni aliniuliza, "Papa, nipe ushauri." Nilianza kumhubiria kuhusu mpango wa kuwapeleka wakimbizi Rwanda, maana mimi nilikuja kama mkimbizi na jambo lile lilinikosesha usingizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema yeye anaangalia ada za chuo na kodi za vyumba. Nilitaka kukasirika. Kisha nikakumbuka kwamba hii kura ni yake, na nilikimbia nchi ili yeye aweze kunibishia.

Mla Ugali Baridi

Mimi nafupisha: napigia mtu. Mbunge wetu huwa anakaa Ijumaa kusikiliza shida za watu. Barua zangu za makazi zilikwama miezi mingi, nikaenda, ofisi yake ikaandika barua, jibu likaja. Chama chake sikipendi hata kidogo. Nilimpa.

Mtoro wa Thika

@Mla Ugali Baridi mkubwa, lakini akifika bungeni anapiga kura vile chama kimemwambia. Hao wote wana kiranja wao.

Mla Ugali Baridi

Najua. Hata hivyo barua yangu ilijibiwa.

Dada wa Hendon

Kwa wale wa "kura moja haina kitu". Nilitoka kazini hoi siku ile, miguu imevimba, nikamwambia mume wangu siendi. Akaniambia fanya unavyotaka. Sijui kwa nini lile neno lilinikera, nikavaa kandambili nikatoka saa tatu na nusu usiku. Vituo vinafungwa saa nne. Nilikuwa sijaamua hata mlangoni. Mule ndani kwenye kile kibanda nikasoma majina polepole, nikamkumbuka mama aliyesubiri miadi ya nyonga hospitali zaidi ya mwaka, nikaweka alama.

Asubuhi matokeo ya Hendon: Labour kashinda kwa kura 15. Kumi na tano! Hao ni watu wa kwenye foleni yetu ya basi tu. Mume wangu, ambaye hakwenda, sasa ndiye anayeisimulia hadithi hii kwa wageni.

Mgeni Njoo

Asanteni sana, nimejifunza. Nina swali la kizembe: pasi yangu ya Kenya imeisha muda. Nitakubaliwa kupiga kura nayo kama kitambulisho?

Mlinzi wa Usiku

Utakubaliwa mkuu, mradi picha bado inafanana na wewe. Na hata kadi waliyokutumia kwa posta ukiisahau nyumbani si tatizo, ila kitambulisho chenye picha lazima. Hakuna wino wa kidoleni, usiwanyooshee kidole kama nilivyofanya mimi.

Mgeni Njoo

Na ni kweli wanakupa penseli? Si watafuta?

Dada wa Hendon

Penseli, tena imefungwa kamba. Ukiona wasiwasi nenda na kalamu yako, inaruhusiwa. Mimi nilikwenda na ya kazini.